Kizuri Hakijiuzi: Mwandishi na Amtafute Msomaji

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu hunukuliwa mara nyingi katika madarasa yetu, nami siukatai. Ukiupeleka soko la Kongowea au la Marikiti utauona ukweli wake: embe lililoiva halihitaji mpiga debe, kwa kuwa rangi yake yaonekana na harufu yake yasikika kabla mnunuzi hajalifikia. Lakini nasema, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba msemo huu hauwafai watu wa kalamu. Maandishi hayana harufu. Makala bora na makala duni hufanana yanapokuwa yamekunjwa. Yote ni karatasi na wino tu. Uzuri wa maandishi hauonekani mpaka mtu akubali kuyasoma, na hakuna atakayekubali kuyasoma iwapo hajui kuwa yapo, au iwapo sentensi ya kwanza imemchosha kabla hajaifikia ya pili.

Nayasema haya kwa sababu ya lalama moja ambayo imekuwa wimbo miongoni mwa waandishi wa Kiswahili na wachapishaji wao: eti Wakenya hawasomi. Kwa upande wa heshima, lugha yetu haina inachokosa. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mnamo Novemba 2021 shirika la UNESCO liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu mwaka 2022 siku hiyo imekuwa ikiadhimishwa kwa ngoma, hotuba na mashairi. Hata hivyo, riwaya ya Kiswahili husomwa na umma mkubwa pale tu inapoteuliwa kutahiniwa. Maelfu kwa maelfu ya watahiniwa wameisoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Mtihani ukiisha, vitabu hivyo hupelekwa kwa wauzaji wa vitabu kuukuu, na mwenye kukiuza hakiulizii tena.

Je, ni kweli basi kwamba Wakenya hawasomi? Panda matatu jioni yoyote, katika mji wowote, utazame abiria wenzako. Vichwa vimeinama. Mmoja anasoma hesabu za chama, wa pili tangazo la msiba, wa tatu kisa cha mapenzi, wa nne maelezo ya namna ya kutibu kuku wanaokohoa. Watu hawa wanasoma kuliko baba zao walivyosoma. Walichokikataa si kusoma. Wamekataa kusoma kisichowahusu, kilichoandikwa kwa namna isiyowajali, ambacho hakuna aliyejishughulisha kuwafikishia. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na yote matatu yamo mikononi mwa mwandishi.

Natoa ushahidi wa karibu. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulikuwa waraka mzito, ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na wahasibu. Miswada ya aina hiyo kwa desturi husomwa na wachache, na mwananchi wa kawaida huja kuijua anapolipia bidhaa dukani. Mwaka ule mambo yalikwenda vingine. Vijana wengi, wakiwa na simu zao tu, waliuchambua mswada kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani kwao, wengine kwa maandishi na wengine kwa video fupi. Katika muda wa majuma machache tu, mama muuza mboga aliweza kukuambia yaliyomo katika mswada ambao hakuwahi kuushika mkononi.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 18 Juni, siku ambayo maandamano yalianza jijini Nairobi, upande wa serikali ulitangaza kuyaondoa baadhi ya mapendekezo, yakiwemo ya kodi ya mkate na ya magari. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hangeutia sahihi mswada ule. Sikusudii hapa kuzipima siasa za siku zile. Damu iliyomwagika ni ya kuombolezewa, si ya kufanyiwa zoezi la darasani. Ninachokitazama ni kazi ya maelezo iliyotangulia, kwa maana ndani yake mna somo la uandishi ambalo silabasi yetu haijalitoa kwa uwazi ule.

Tazama walivyoanza. Hawakuanza na nambari ya kifungu. Walianza na mkate. Mswada ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Wao wakasema kwamba mkate wa shilingi 60 ungeongezewa kodi ya karibu shilingi 10. Mswada ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Wao wakasema kwamba mwenye gari la shilingi milioni 1 angelipa shilingi 25,000 kila mwaka, liwe barabarani au limeegeshwa. Asilimia ni neno la mhasibu, lakini shilingi 10 kila asubuhi ni neno la kila nyumba. Pili, walisema kwa lugha ya anayesikiliza, hata kama lugha hiyo haikuwa ile ambayo mwalimu angeipa alama. Tatu, hawakungoja watu waje kuwasikiliza. Waliyapeleka maelezo yao mahali ambapo watu walikuwa tayari wamekusanyika, yaani ndani ya simu zao. Walianza na jambo linalomgusa msomaji, wakatumia lugha yake, wakamfuata alipo. Siri yote ya kumpata msomaji imo katika matendo hayo matatu.

Asidhani mtu kwamba siri hii imeletwa na simu. Ni kongwe kuliko shule zetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, husifiwa na wataalamu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Maana yake ni kwamba alitunga juu ya mambo waliyoyazungumza watu wa mji wake: ugomvi wa Mombasa na watawala wa Omani, mapenzi, njaa, unafiki wa marafiki. Hakuwa na kiwanda cha chapa wala gazeti. Lakini tungo zake zilikaa vifuani mwa watu kwa miongo kadhaa, hata Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walipozikusanya mwishoni mwa karne ya 19 walizikuta bado zi hai. Hakuna tangazo la biashara linaloweza kufanya hivyo. Utungo hubebwa na watu wanapouona kuwa ni wao.

Mwaka 1930, katika Mombasa hiyo hiyo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti dogo liitwalo Sahifa, na mwaka 1932 akalifuatisha na Al-Islah. Alikuwa mwanachuoni mkubwa, mwenye elimu ya kutosha kuandika vitabu vizito vya Kiarabu ambavyo vingesomwa na wanachuoni wenzake. Yeye akachagua kuandika makala mafupi kwa Kiswahili, juu ya elimu ya watoto, uvivu, na kuiga mambo ya wageni pasipo kuyapima. Alimjua msomaji wake kwa sura na kwa jina la mtaa. Makala yale ya Sahifa baadaye yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mpaka leo wataalamu wanayasoma na kuyafasiri.

Mwaka 1968 kijana wa umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka uliosambazwa kwa siri, wenye kichwa cha maneno mawili: Kenya: Twendapi? Serikali ya wakati huo iliuogopa waraka huo kiasi cha kumkamata mwandishi wake Desemba ya mwaka huo, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani akatunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kwa mwalimu wa insha, naomba tukitazame kichwa kile tu. Hakikusema 'Tathmini ya Mwelekeo wa Kisiasa na Kiuchumi katika Taifa Changa'. Kilisema twendapi. Ni swali ambalo abiria humwuliza dereva anapoona njia imebadilika, na kila aliyelisoma alijiona kuwa yumo ndani ya gari hilo.

Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, aliandika riwaya yake Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni. Ilipotoka mwaka 1980, waliodhani kwamba riwaya ya lugha ya nyumbani haiwezi kununuliwa walishangaa. Ilibidi ipigwe chapa tena mwaka uo huo. Yeye mwenyewe alieleza jinsi ilivyosomwa kwa sauti majumbani, na hata katika vilabu vya pombe, ambapo msomaji alinyamaza penye utamu mpaka bilauri yake ijazwe. Wengi wa waliokijua kitabu hicho walikijua kwa masikio. Mwandishi alikuwa ameitumia namna ya usimulizi ambayo yaweza kusomwa mbele za watu, nao watu wakamaliza kazi iliyobaki.

Nikiongeza mmoja tu, nitamtaja Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake cha redio, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966 na kikaendelea kwa miongo mingi. Hakikuzungumzia mambo makuu ya dunia. Kilizungumzia tabia zetu ndogo ndogo, zile ambazo kila mtu amezitenda au ametendewa. Msikilizaji aliijua saa yake, aliijua sauti yake, na aliulizwa swali badala ya kuhubiriwa. Utaratibu huo wa kuja kwa wakati ule ule, bila kumhini mtu ahadi, ni nusu ya kupendwa.

Sasa tuingie darasani, kwa kuwa huko ndiko tunakowafundisha vijana kuandika. Katika mtihani wa KCSE karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha. Mtahiniwa hupewa saa moja na dakika 45 aandike insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja isipungue maneno 400 na kila moja ikiwa na alama 20. Sina ugomvi na mpango huo. Lakini tufikiri kidogo juu ya msomaji anayesoma insha hizo. Ni mtahini. Yeye ndiye msomaji wa pekee duniani asiyeweza kuondoka. Hata insha ikimchosha, sharti aifikie nukta ya mwisho, kwa kuwa amekula kiapo cha kazi na analipwa. Mwanafunzi aliyeandikia msomaji huyo kwa miaka kumi na miwili huhitimu akiamini kwamba kusomwa ni haki yake. Anapotoka nje, akakutana na msomaji aliye huru, hajui la kumfanyia.

Tazama mfano. Tumwagize mwanafunzi aandike juu ya uhaba wa maji shuleni, naye ataanza hivi: 'Maji ni uhai. Wahenga hawakutoka kapa walipolonga kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Katika ulimwengu huu wa utandawazi, suala la maji limekuwa donda ndugu linalowakosesha wengi lepe la usingizi.' Walimu wengi tutaipigia mstari mwekundu wa sifa. Lakini je, sentensi hizo zimetuambia nini? Zaweza kutiwa mwanzoni mwa insha yoyote, ya shule yoyote, mwaka wowote. Tena methali yenyewe imeonewa. Maji yakimwagika hayazoleki ni methali ya majuto juu ya lililokwisha tendeka, haihusu ukame. Imeletwa pale kwa sababu tu ina neno maji ndani yake.

Hebu mwanafunzi huyo huyo aandike hivi: 'Bomba la shule yetu limekauka tangu Jumatatu. Wasichana wa kidato cha pili huondoka darasani saa nne kwenda mtoni, na hurudi kipindi cha Hisabati kikiwa kimekwisha.' Ni sentensi mbili tu, na hazina pambo. Lakini msomaji amejua ni wapi, tangu lini, ni nani anayeumia na anaumia vipi. Mzazi akiisoma atauliza juu ya binti yake. Diwani akiisoma atajua kwamba anaulizwa. Hapo ndipo maandishi yanapoanza kufanya kazi.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa methali, wala sitaki Kiswahili kivuliwe nguo. Methali ni chumvi. Ikitiwa penye chakula huleta ladha, lakini hakuna anayealika wageni kula chumvi tupu. Wala siwalaumu walimu wenzangu, ambao wana madarasa ya wanafunzi hamsini na wakuu wanaodai wastani upande kila muhula. Mwalimu hufundisha kinachopimwa. Ndiyo maana badiliko la mfumo wa elimu lilikuwa na maana kubwa kwetu. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi lililoufanya ndilo la mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Mtaala wa umilisi uliokuja badala yake umeyaweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Maneno hayo ni mazuri. Lakini yatabaki kuwa maneno iwapo mtoto atawasiliana na kalamu nyekundu peke yake.

Ni lipi basi la kufanya? Kwa upande wa kuandika, naona mambo machache yasiyogharimu hata senti. Kabla ya kuandika, mwanafunzi ajiulize: naandikia nani? Asijibu 'wananchi' wala 'jamii', kwa maana hakuna mtu anayeitwa jamii. Amchague mmoja: nyanya yake, dereva wa bodaboda wa kituo cha jirani, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyefika jana. Akimwona huyo mbele yake, maneno yasiyofaa yatajiondoa yenyewe. Kisha achague jambo moja. Makala yenye mambo saba hayakumbukwi hata kwa moja. Jambo hilo aliweke mlangoni, asilifiche uani. Atumie majina ya vitu vyenyewe na hesabu zake, kama vijana walivyougeuza mswada kuwa mkate. Amalizapo, asome kwa sauti. Mahali anapokosa pumzi ndipo msomaji atakapokosa subira. Mwisho, amwachie msomaji jambo la kushika: la kutenda, la kuuliza, au la kumsimulia mwenziwe.

Kwa upande wa kuyafikisha maandishi, ndipo tunapofungwa na ile methali niliyoanza nayo. Waandishi wengi wa Kiswahili huona haya. Hudhani kwamba kumwambia mtu 'nimeandika jambo, tafadhali lisome' ni kujipigia zumari. Lakini ebu tuwakumbuke washairi wa magazeti. Katika beti ya tamati, mshairi hulitaja jina lake na mji wake, na wengine huwataja kwa majina wale wanaowangojea wawajibu. Hawakuona haya. Walijua kwamba shairi ni mazungumzo, na mwenye kuanza mazungumzo hana budi kubisha hodi na kujitaja. Kubisha hodi si kiburi, ni adabu. Asiye na adabu ni yule aingiaye bila kubisha, na katika siku hizi za simu mtu huyo ni yule anayetupa maandishi yale yale katika vikundi ishirini, cha msiba, cha harusi na cha wakulima wa viazi, bila kuangalia ni nani aliyemo.

Kwa hiyo mwandishi na aende kwanza kwa wachache wanaohusika. Aliyeandika juu ya maji ya shule awapelekee wazazi wa shule hiyo, bodi yake na diwani wa wadi. Wachache hao wakisoma na kujibu watafaa kuliko elfu waliopita tu. Na wanapojibu, naye awajibu, hata wanaompinga. Msomaji aliyejibiwa hurudi, na akirudi huja na mwenziwe. Ajiwekee siku yake, kama Mbotela alivyokuwa na saa yake, na asiikose. Ayasome ya wenzake na ayasifu yanayostahili, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Asisahau pia kwamba masikio ni mengi kuliko macho: makala yaweza kusomwa gwarideni, barazani, katika kituo cha redio cha mtaani, au mbele ya jamaa wasiojua kusoma.

Shuleni, vyombo tunavyo. Lipo gazeti la ukutani, ambalo katika shule nyingi limegeuka kuwa mahali pa kubandikia ratiba. Upo ukurasa wa barua kwa mhariri katika magazeti yetu, ambao haumtozi mtu ada. Ipo siku ya wazazi, ambapo kwa kawaida tunawakaribisha wageni kwa nyimbo za kuwasifu, tukasahau kuwasomea watoto wao walichoandika. Nimeona mwanafunzi aliyekuwa akipata alama tano katika insha akiandika upya mara nne, kwa hiari yake, tangazo la kuchekesha la ukutani, kwa kuwa alijua wenzake watalisoma wakati wa mapumziko. Hakuna kalamu nyekundu iliyowahi kumfanya aandike jambo mara nne.

Lipo onyo ambalo sharti nilitoe, nisije nikaonekana kuwa nawafundisha vijana ulaghai. Njia zile zile zilizoufikisha ukweli wa mswada kwa muuza mboga huweza pia kuufikisha uwongo, na uwongo hausubiri kuhakikishwa. Kugusa moyo wa msomaji si leseni ya kumdanganya. Kichwa kinachoahidi ng'ombe, na ndani mna kwato tu, humwuza mwandishi mara moja na kumwangusha daima, kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi. Wala wingi wa wasomaji si kipimo cha ubora. Ajali ya barabarani hukusanya watu wengi kuliko darasa, lakini hatusemi kwamba ajali ni mwalimu bora. Anayetafuta wasomaji ajiulize kila mara: hawa nimewaita ili niwape nini?

Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya matatizo ya karo, madawati na uhaba wa walimu. Mimi naliona kuwa kubwa. Sheria zetu, bajeti za kaunti, mikataba ya ajira, maagizo ya dawa na taarifa za mikopo, yote huandikwa. Taifa ambalo wajuao kuandika huandikiana wao kwa wao, na wengine wote huachwa wakingoja kusimuliwa, ni taifa la wanaojua na wanaojuzwa. Kiswahili ndiyo lugha iliyo na uwezo wa kuubomoa ukuta huo katika Kenya, kwa kuwa mwananchi wa Lodwar na wa Lamu huielewa. Lakini lugha haitaubomoa kwa kusifiwa kila tarehe 7 Julai. Itaubomoa siku ambayo msichana wa kidato cha pili atakapoweza kuieleza bajeti ya kaunti yake kwa ukurasa mmoja, kwa ukweli na kwa ufasaha, na mama yake akausoma ukurasa huo mpaka mwisho bila kulazimishwa.

Basi, walimu wenzangu, naomba muhula huu tuyafanye majaribio. Katika insha zote mtakazotoa, itengeni moja isiwe ya mtahini. Mwanafunzi achague mtu halisi aliye nje ya darasa, amwandikie jambo moja la kweli linalomhusu mtu huyo, ampelekee kwa mkono au kwa simu, kisha arudi darasani atuambie alijibiwa nini. Nanyi wanafunzi, msingoje kuagizwa. Andikeni, mbishe hodi, na mkifunguliwa mlango msikilize. Iwapo msomaji ataweka karatasi chini baada ya sentensi ya kwanza, msimkasirikie. Mwulizeni kwa upole ni wapi mlipompoteza, kisha mrudi mkaandike upya.